Bahasha ya Mwezi wa Tatu

"Shikamoo mjomba. Nina swali, ila usinicheke."

Mpwa wangu alinipigia mwezi wa pili, huku kwetu usiku, kwao bado mchana. Yuko Marekani. Aliondoka hapa mdogo na wazazi wake, akasoma kule kule mpaka akafika mwaka wa mwisho wa udaktari, na sasa anataka kuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa. Alikuwa ameitwa kwenye usaili na hospitali kadhaa, na sasa anatakiwa azipange kwa namba, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha aitume orodha kwenye kompyuta moja inayowagawa wahitimu wa nchi nzima. Swali lake: "Namba moja niweke ile ninayoitaka, au ile itakayonichukua?"

Mimi si daktari, ni mtu wa vitabu tu. Nikamwambia anipe siku mbili, nikaingia kusoma. Kumbe swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 70. Wanafunzi kama yeye walikwisha kuligombania mwaka 1951, na walishinda.

Wapenzi wa riwaya huenda mnaijua The House of God ya Samuel Shem, iliyotoka mwaka 1978, inayowachora madaktari tarajali wakihenyeka mwaka mzima katika hospitali kubwa. Riwaya ile inaanzia ndani ya geti. Leo nataka tuzungumze habari za geti lenyewe: nani alilijenga, nani alilisukuma, na kwa nini kila likirekebishwa foleni haifutiki, inahamia mahali pengine.

Tuanze Baltimore. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889, na chuo chake cha udaktari kikafuata mwaka 1893. Zama hizo Mmarekani aliyemaliza masomo aliweza kubandika kibao mlangoni kwake akaanza kutibu watu, hata kama wagonjwa aliowashika kwa mikono yake walikuwa wa kuhesabika. Wenye uwezo walipanda meli kwenda Ujerumani na Austria kujiongezea ujuzi. William Osler, upande wa tiba, na William Halsted, upande wa upasuaji, waliuchukua mtindo wa Wajerumani wakaupandikiza pale Hopkins: mhitimu aendelee kukaa hospitalini miaka kadhaa, alale humo humo, akabidhiwe madaraka kidogo kidogo chini ya jicho la profesa. Kwa kuwa walikaa humo waliitwa wakaazi, na jina la rezidenti limewabaki hadi leo, hata wale wanaorudi kulala makwao.

Halsted aliueleza mtindo wake katika hotuba aliyoitoa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1904. Ulikuwa kama piramidi. Chini waliingia kadhaa, wakachujwa mwaka hadi mwaka, juu akabaki mmoja. Na huyo mmoja hakuwa na tarehe ya kumaliza, alikaa mpaka mzee aridhike. Harvey Cushing, anayehesabiwa kuwa baba wa upasuaji wa ubongo Marekani, alipitia mikononi mwa Halsted.

Sasa jiulize, kijana wa wakati ule alijiandaaje? Hakukuwa na fomu wala alama za kushindania. Maandalizi yalikuwa kuonekana. Uonekane wodini, uonekane maabara, jina lako lisikike mdomoni mwa profesa mmoja akimwandikia barua mwenzake. Kwa lugha yetu ya mtaani, kujuana. Kujuana kulizaa mabingwa wakubwa kweli, hilo halina ubishi. Lakini kuliwaacha nje watu wengi ambao hakuna aliyewaona.

Hopkins iliwapokea wanawake tangu siku ya kwanza, kwa sababu Mary Elizabeth Garrett, mwanamke tajiri wa Baltimore, alitoa fedha za kukifungua chuo kwa sharti hilo. Dorothy Reed alihitimu hapo mwaka 1900, akafanya utarajali chini ya Osler, na mwaka 1902 akaandika maelezo ya seli ambayo hadi leo inabeba jina lake katika saratani ya tezi iitwayo Hodgkin. Mwaka huo huo akaondoka Hopkins, maana alikwisha ona kwamba kwa mwanamke ngazi ya kupanda haipo. Geti alikuwa amefunguliwa, ngazi ikaondolewa.

Kwa Waamerika weusi hata geti lilizidi kubana. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ilidai vyuo vya udaktari viwe na maabara, walimu na hospitali za kweli. Dai lilikuwa la haki. Lakini kati ya vyuo saba vilivyokuwa vikiwafundisha Waamerika weusi, vitano vilifungwa katika miaka iliyofuata, vikabaki Howard na Meharry tu.

Ukitaka kuona hasara yake kwa sura ya mtu mmoja, mtazame Vivien Thomas. Alikuwa kijana mweusi wa Nashville, fundi seremala, akiweka akiba ya kwenda chuo. Benki ikaanguka katika mdororo ule mkubwa wa uchumi, akiba ikapotea. Wakati huo alikuwa tayari amepata kazi kwenye maabara ya daktari wa upasuaji Alfred Blalock, na baadaye wakahamia wote Hopkins. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alipomfanyia upasuaji wa moyo mtoto aliyekuwa akigeuka buluu kwa kukosa hewa kwenye damu, upasuaji uliotokana na wazo la daktari Helen Taussig, Thomas alisimama nyuma ya bega lake akimwelekeza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameufanya mara nyingi zaidi, kwenye mbwa wa maabara. Miaka iliyofuata aliwafundisha rezidenti wa upasuaji namna ya kushika sindano na kuunga mishipa. Aliwaandaa mabingwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kusimama kwenye foleni. Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, uzeeni.

Nimemtaja makusudi, maana tukizungumzia ushindani wa nafasi za ubingwa huwa tunadhani geti linapima uwezo. Wakati mwingine geti linapima nani alifika getini.

Turudi kwenye miaka ya 1940, mahali ambapo simulizi linageuka kuwa kichekesho. Wakati huo kila mhitimu alianza na mwaka wa utarajali, na hospitali zilikuwa na nafasi nyingi kuliko wahitimu. Tarajali ni mikono ya bei rahisi, nani asiyemtaka? Kwa hiyo waliokuwa wakikimbia si wanafunzi, ni hospitali. Huyu akitangulia kumposa mwanafunzi mwezi mmoja kabla ya mwenzake, mwaka unaofuata mwenzake anatangulia miezi miwili. Kufikia katikati ya muongo ule wanafunzi walikuwa wakichukuliwa karibu miaka miwili kabla ya kuanza kazi, hata hawajajua kama wanapenda watoto, moyo au mifupa. Posa kabla ya kubalehe, kama wangesema bibi zetu.

Mwaka 1945 vyuo vikapata dawa: visitoe matokeo wala barua za mapendekezo za mwanafunzi kabla ya muda uliokubaliwa. Hospitali hazikuwa na cha kusoma, kwa hiyo posa za mapema zikafa. Lakini mbio hazikufa, zilihamia kwenye saa. Mwanafunzi aliyepata nafasi kwenye hospitali yake ya tatu alitaka kusubiri asikie ya kwanza imesemaje. Hospitali nayo haikutaka kusubiri, maana akikataa dakika ya mwisho, wazuri wote wamekwisha chukuliwa. Muda wa kufikiri uliokuwa siku 10 mwaka 1945 ukawa unakatwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1949 likaletwa pendekezo kwamba telegramu za ahadi zifike saa sita usiku na dakika moja, na mwanafunzi ajibu ifikapo saa sita mchana. Saa 12 tu za kuamua maisha. Chama cha hospitali kikazikataa: nyingi mno!

Mpige picha huyo kijana, amekaa macho usiku, telegramu mkononi, anatakiwa aseme ndiyo au hapana kwa hospitali ya tatu bila kujua kama ya kwanza iko njiani. Hakuna maandalizi ya aina yoyote yanayomsaidia hapo. Anachohitaji ni ujasiri wa mcheza kamari.

Ndipo likazaliwa wazo la kukusanya orodha zote mahali pamoja: wanafunzi wapange hospitali, hospitali zipange wanafunzi, halafu kanuni moja iwagawe. Likatangazwa kama jaribio. Mwaka 1951 wanafunzi wakaichunguza kanuni yenyewe, wakagundua tatizo. Kanuni ilianza kwa kuwaunganisha waliowekeana namba moja, kisha ikashuka. Maana yake, ukiiweka namba moja hospitali ya ndoto yako na ikakukosa, ukija kwenye namba mbili yako utakuta imejaa watu walioiweka namba moja. Umeadhibiwa kwa kusema kweli. Mwenye akili angedanganya, angeweka juu ile anayodhani itamchukua.

Unaona? Ni swali la mpwa wangu neno kwa neno.

Wanafunzi wakapinga. Mmoja wa walioongoza alikuwa Hardy Hendren wa Harvard, ambaye baadaye alikuja kuwa daktari mashuhuri wa upasuaji wa watoto Boston. Waliandikiana na wenzao wa vyuo vingine, wakadai kanuni nyingine, na wakubwa wakakubali. Mwaka 1952 ikatumika kwa mara ya kwanza rasmi. Huo ndio mfumo ambao wenyewe wanauita Match.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1962, wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walichapisha makala fupi kuhusu udahili wa vyuo na uthabiti wa ndoa. Walitafuta namna ya kuwagawa watu ili asipatikane mwanafunzi na hospitali waliopendana zaidi kuliko walivyopewa, wakaachana na mgawo wakakimbilia kwao. Mwaka 1984 mwanauchumi Alvin Roth akaonyesha kwamba madaktari walikuwa wakiitumia kanuni ya namna hiyo hiyo kwa miaka 30 bila kuijua nadharia yake. Akaonyesha na jambo la pili: iliegemea upande wa hospitali. Mwamba ngozi huvutia kwake. Wahitimu wakauliza maswali, na mwaka 1998 kanuni mpya, iliyoundwa na Roth pamoja na Elliott Peranson, ikaanza kazi ikimtanguliza mwombaji. Mwaka 2012 Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Inavyofanya kazi si ngumu. Jina lako linapelekwa kwenye hospitali yako namba moja. Ikiwa ina nafasi na imekuweka kwenye orodha yake, inakushika, lakini kwa muda tu. Akija mwingine inayempenda zaidi na nafasi zimejaa, unaachiwa, jina lako linakwenda namba mbili. Na hapa ndipo penye ufundi: ukifika namba mbili hupokelewi kama mchelewaji. Unapimwa kana kwamba uliiweka juu tangu mwanzo, na kama inakupenda kuliko aliyemo, yeye ndiye anayetoka. Hakuna kilicho cha mwisho mpaka wote wamalize. Kwa hiyo kuitaja ndoto yako kwanza hakukupunguzii chochote kwenye zinazofuata.

Sasa msomaji utauliza: kama mambo ni mazuri hivyo, mbona vijana hawa hawalali?

Kwa sababu kanuni inagawa nafasi, haizalishi nafasi. Utarajali ulimezwa na mafunzo ya ubingwa miaka ya 1970, na orodha zile zikawa za kuchagua fani ya maisha. Mafunzo hayo yanagharimiwa kwa sehemu kubwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, na mwaka 1997 bunge la Marekani liliweka kikomo kwa idadi ya nafasi ambazo bima hiyo ingezilipia. Nafasi ziliongezeka polepole kwa njia nyingine, lakini kwenye fani zinazogombaniwa, kama ngozi, mifupa, ubongo, upasuaji wa kurekebisha maumbile, na masikio, pua na koo, mlango ulibaki mwembamba. Sasa wanaokimbia ni wanafunzi. Wenye mashaka na mfumo wenyewe nao wapo. Mwaka 2002 madaktari walifungua kesi wakidai kwamba Match inawanyima nafasi ya kujadili mshahara. Mwaka 2004 bunge likapitisha sheria ya kuukinga, kesi ikafa.

Basi mbio zikahama tena, safari hii zikarudi nyuma ya usaili. Mtihani wa leseni uitwao USMLE ulianza mwaka 1992, na kazi yake ilikuwa kusema huyu anaweza kutibu watu bila kuwadhuru. Lakini ulitoa alama, na maombi yalipohamia kwenye kompyuta, kutuma kwa hospitali 60 kukawa rahisi karibu sawa na kutuma kwa 6. Msimamizi aliyeletewa mafaili mia kadhaa kwa nafasi nne alitafuta namba moja ya kuchujia, akaichukua ya Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani ule. Wanafunzi wakaacha vipindi wakajifungia na maswali ya kukariri. Kitabu cha First Aid, mkusanyiko wa mambo ya kukumbuka kwa ajili ya mtihani huo, kikawa msahafu wao. Sijawahi kuona mhakiki yeyote akikiandikia, na huenda hakuna kitabu kilichosomwa kwa hofu kubwa zaidi.

Januari 2022 alama za Step 1 zikafutwa, ikabaki kufaulu au kufeli. Watu walishangilia. Mbio zikahamia Step 2, ambayo bado ina alama. Zikahamia kwenye miezi ya kufanya kazi katika hospitali za watu ili uonekane, yaani kulekule kwa Halsted. Zikahamia kwenye utafiti: takwimu za Match za mwaka 2020 zilionyesha kwamba wahitimu wa vyuo vya Marekani waliopata nafasi ya upasuaji wa ubongo walikuwa wameorodhesha kwa wastani kazi zaidi ya 20 kila mmoja, ukijumlisha makala, mihutasari na mawasilisho. Ishirini! Wengine huchukua mwaka mzima wa ziada kwa utafiti, na mwaka wa ziada unataka mtu wa kukulipia kodi ya nyumba.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi. Tangu mwaka 1956 ipo taasisi ya Marekani, ECFMG, inayohakiki madaktari waliosoma nje, na aliyemaliza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala akitaka kwenda kule lazima apitie kwake, afanye mitihani ileile, kisha aingie kwenye mgawo uleule. Kwa wahitimu wa vyuo vya Marekani, zaidi ya tisa katika kila kumi hupata nafasi. Kwa wageni ni kama sita. Chuo chake hakijulikani, profesa aliyemwandikia barua hajulikani. Alama ya Step 1 ilikuwa sauti pekee aliyoweza kuipaza ikasikika mbali. Waliifuta kwa nia njema, na nia ni njema kweli, lakini alama ikiondoka kinachorudi ni kujuana, na kujuana kuna wenyewe.

Ndiyo maana nilipompigia mpwa wangu sikuwa na hotuba ndefu. Nilimwambia: Mengi uliyoyafanya miaka hii minne uliyafanya kwa kukisia watu wengine wanataka nini. Hiyo orodha ndiyo sehemu pekee ambayo hutakiwi kukisia. Wapo wanafunzi waliogombana na wakubwa wao mwaka 1951 ili wewe uweze kusema kweli bila kuadhibiwa. Panga unavyotaka. Na hospitali ambayo hutaki kabisa kwenda, usiiweke, maana mgawo ukitoka umefungwa nao.

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, na zisiponitaka zote?"

Hilo historia haina jibu lake. Nilimwambia tutaongea.

Jumatatu ya wiki ile ya mwezi wa tatu wanaambiwa jambo moja tu, umepata au hukupata. Alipata. Ijumaa ndiyo wanaambiwa wapi, saa sita mchana ya Marekani mashariki, ambayo kwetu ni saa moja usiku. Tulikaa sebuleni na simu imeegemezwa kwenye birika, tukamwona amesimama na wenzake ukumbini, kila mmoja na bahasha yake. Nyuma yake wengine walikuwa wanaruka. Binti mmoja alikaa chini sakafuni akaificha karatasi yake kifuani.

Mpwa wangu alifungua, akasoma, akaigeuza karatasi tuione. Namba nne.

Hakulia wala hakuruka. Alisema tatu za juu zilikuwa hazimtaki, na sasa anajua, na hata angeipandisha hii ya nne ikawa ya kwanza angeangukia papo hapo. Kisha dada yangu akamnyang'anya simu kututazama, akauliza swali ambalo ndilo pekee alilojali usiku ule: "Kaka, hebu niangalizie huko kwenye vitabu vyako. Huo mji una baridi kiasi gani?"